Udi wa Mapipa ya Wiski

Msellem alikwenda kwenye duka la maua Bawshar, Maskati, kumnunulia dada yake mche wa mrehani, akatoka na ulaghai. Mlangoni palikuwa na mapipa manne makubwa ya mbao, yanauzwa kupandia maua, na ndani yameungua meusi tii. Muuzaji alimweleza kuwa yametoka Amerika. Kule wiski yao ya mahindi hulazwa ndani ya pipa jipya lililochomwa moto, na pipa likishatumika mara moja halitumiki tena kwa wiski ile. Zamani wenye viwanda vidogo vya bia na mvinyo waliyagombania ili vinywaji vyao vipate ladha. Sasa Waamerika wamepunguza kunywa, maghala yamefurika, na mapipa yanauzwa kwa bei ya kutupa.

Msellem aliinama akanusa. Sukari guru, vanila, moshi mtamu. Mtu mwingine angenusa pipa. Yeye alinusa udi. Ni kweli kwamba hajawahi kuonja wiski maishani mwake, na hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa pengo katika elimu yake.

Haja alikuwa nayo. Ijumaa ile jioni alikuwa aende kwa Mzee Ghanim kumposa Hadeel, msichana aliyempenda kwa dhati, labda kitu pekee alichokifanya kwa dhati. Mzee Ghanim alishasema binti yake haolewi na mtu asiye na kazi wala biashara. Msellem, miaka thelathini na minne, alikuwa na kanzu tatu nzuri na ulimi. Basi akayachukua mapipa, akayakata vipande vidogo vidogo katika gereji ya dada yake Taghreed huko Sib, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ilimpitikia kwamba kazi halali isingemchosha namna hii, lakini wazo hilo halikukaa.

Mnunuzi alikwishamchagua: Bi Mwanamize, mjane tajiri mzaliwa wa Unguja, ambaye hakuweza kulala vizuri jirani akiwa na udi mzuri kuliko wake. Ijumaa alasiri Msellem alimwacha Taghreed nje ndani ya gari, amejipamba, na sinia la halwa ya posa mapajani, akaingia na sanduku lake.

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una udi ambao Maskati nzima hapana."

"Wa Amerika huu, bibi. Mbao zake hulazwa gizani miaka minne, haziguswi na mtu."

Uongo hapo haukuwepo. Mbao zililazwa kweli. Aliacha tu kusema zililala na nani.

"Na Waamerika tangu lini wakajua udi?"

"Wameanza juzi. Wenzako wa mtaa huu bado hawajasikia."

Hilo lilimpata. Bi Mwanamize alilivuta sanduku upande wake wa zulia. "Kiasi gani?"

"Rial mia tatu, kwa sababu ni wewe."

"Nnataka kuunusa kwanza."

Kanuni ya kazi yake ilikuwa fedha mbele, moshi nyuma. Lakini kumkatalia mtu mzima chetezo ndani ya nyumba yake ni utovu wa adabu, na Msellem alilelewa vizuri, ingawa matokeo hayakuonyesha. Mirembe, msichana wa Kiganda anayefanya kazi pale, akaleta chetezo chenye makaa, akaweka kipande. Moshi ukapanda. Mirembe akanusa, akanusa tena.

"Mama, mimi kabla ya kuja huku nilifanya kazi baa Kampala miaka miwili. Hii ni wiski. Ya bei kubwa, lakini ni wiski."

"Binti kachoka, bibi," Msellem alisema, akitabasamu.

Bi Mwanamize hakupandisha sauti. "Mirembe, mfukize mgeni."

Mirembe akamfukiza chini ya kanzu, kwapani, kidevuni, mpaka ndani ya kofia.

"Tena. Tia kipande chengine."

Alifukizwa mara tatu. Kisha Bi Mwanamize akasimama, na Msellem akajikuta naye amesimama, maana udi ukishapitishwa mgeni huaga. Hata mwizi, kama amelelewa vizuri, hawezi kurudi kukaa.

"Bibi, na mzigo wangu?"

"Baada ya udi hakuna kukaa, mwanangu."

"Na fedha?"

"Nenda polisi ukanishitaki. Uwaeleze na ulichokuwa ukiniuzia."

"Hizi zitachoma samaki vizuri sana," Mirembe alisema, akilibeba sanduku kuelekea jikoni.

Garini Taghreed alivuta pumzi mara moja tu, akateremsha kioo.

"Msellem. Siku ya posa?"

"Sikunywa, dada. Wallahi ni mbao. Nilikata mapipa ya wiski nikataka kumuuzia yule bibi kuwa ni udi, akanifukiza nazo mara tatu, akabaki na mbao, na sikupata hata baisa."

Ulikuwa ukweli mtupu, mwanzo hadi mwisho, na haujawahi kutoka kinywani mwake uongo ulioaminika kidogo kuliko huo. Taghreed alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mlevi, akampigia simu Mzee Ghanim. Alisema Msellem ameshikwa na homa ya ghafla, anatetemeka, daktari amemkataza kutoka. Mzee Ghanim akampa pole nyingi, akaongeza kuwa si neno, kesho anakuja mposaji mwingine, kijana wa benki.

Msellem aliinamisha kichwa. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Hadeel, uliuma kweli. Na chini ya maumivu hayo, kwa aibu, akahisi wivu wa fundi. Dada yake hakuwahi kudanganya hata siku moja kabla ya leo, na ameaminiwa mara ya kwanza.