Wali wa Mboga na Beseni la Ng'ombe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, na shahidi ni ng'ombe. Naandika nimekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya maji ya moto. Sina hata nguvu ya kulia.

Kazi yangu mnaijua: nachambua karoti ghalani kwa tajiri mmoja hapa Lushoto mjini. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshainama. Nzuri zinaingia kwenye viroba kwenda Dar, zilizovunjika tunagawana wachambuaji. Saa saba mchana nikapanda mlima kurudi nyumbani, njia ya Irente, na mfuko wangu wa masalia: karoti nusunusu, hoho mbili zenye makovu, njegere, kipande cha kabichi. Mgongo unauma, ukungu umeshuka, nawaza kitu kimoja tu. Kulala.

Nafika mlangoni, nakuta viatu vya mama mkwe.

(Mungu wangu.)

Sasa nieleweni vizuri. Mama mkwe anakaa Bumbuli. Ana mtamba mwenye mimba, na ametangaza kwamba atampa mmoja wa wakaza wana wake watatu. Wenzangu wawili ameshawatembelea. Mimi ng'ombe wangu ni kizee, meno yamekwisha, maziwa yake hayajazi kikombe, na wanangu wanakunywa chai ya rangi. Huyo mtamba namtaka mpaka namwota.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi, mama."

"Pole. Mimi sikukaa bure. Nimeshamkatia yule bibi kizee wako chakula chake, kiko hapo nyuma kwenye beseni."

Bibi kizee ndiye ng'ombe. Kwa kuwa meno hana, chakula chake tunakikatakata vidogo vidogo: mgomba, majani ya karoti, maganda ya njegere. Nikashukuru, nikaingia jikoni.

Kwangu mgeni wa heshima hapewi ugali, anapikiwa wali. Nyama sina. Nikaona nipike wali wa mboga, masalia yangu yanitoe kimasomaso. Nikakata karoti, nikakata hoho, kabichi nikaikata nyembamba kabisa, njegere nikamenya moja moja huku nasinzia. Nikazitia kwenye beseni la bluu, nikaliweka nyuma, karibu na pipa la maji.

(Mabeseni ya bluu ninayo mawili. Ndiyo. Yako sawasawa. Msiniulize.)

Kuni mbichi. Moshi umejaa, machozi yananitoka. Nikakaanga kitunguu, nikatoka mbio, nikachukua beseni, nikamwaga sufuriani. Mchele, maji, chumvi, nikafunika. Kwa moshi ule nisingemwona hata tembo. Beseni la pili nikampelekea bibi kizee bandani. Maji yalipokauka nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikaegemea ukuta kidogo. Nikalala palepale! Nilishtuliwa na harufu ya ukoko.

Nikapakua kwenye sinia, nikaweka katikati. Mume wangu akanawa, mama akanawa. Mama akachota tonge la kwanza. Akatafuna. Akatafuna tena. Bado anatafuna.

"Mwanangu, hii kabichi ya wapi?"

"Ya hapahapa, mama. Nimetoka nayo ghalani."

Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta uzi. Uzi ukaja. Ukaendelea kuja! Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama.

"Hii si kabichi. Huu ni mgomba. Nimeukata mimi kwa mkono wangu."

Mume wangu alikuwa ameshameza tonge la tatu (miaka kumi na mmoja ya ndoa imemfundisha kutouliza).

Mama mkwe akasimama, akatoka. Nikamfuata. Nilijua mtamba ndiyo basi tena, amekwenda kwa wenzangu. Tukafika bandani. Bibi kizee kichwa kimezama ndani ya beseni la bluu, anasagasaga hoho taratibu, na karoti, na njegere zangu nilizomenya moja moja. Hakutuangalia hata kidogo.

Mama akashika nguzo ya banda. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Wenzako," akasema huku anapangusa macho, "wote wawili walinichinjia kuku. Nikaenda kuchungulia bandani kwao, ng'ombe hana hata jani. Mtamba wangu nitakupa wewe. Nyumba ambamo watu wanakula mgomba na ng'ombe anakula karoti, huko hawezi kulala njaa."

Nilitaka kumweleza kwamba sikukusudia. Badala yake nikapiga magoti nikashukuru, kisha nikasonga ugali, tukala na maziwa yale yasiyojaza kikombe.

Jumamosi mtamba anakuja, jamani, nimefurahi sana. Ila mama mkwe ameshapiga simu Bumbuli kwa wakaza wana wenzangu wote wawili, na kila mmoja ananitumia ujumbe. Kwa hiyo mkikutana na mimi sokoni nisalimieni tu, mpite. Asiniulize mtu leo nimepika nini.