Malalamiko ya Muuza Nyama Kuhusu Chakula Chepesi cha Mlimani

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapanda Milima.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi, na poleni kwa kuchoka kwa hiari. Mimi ni yule muuza nyama mwenye bucha mkabala na ofisi yenu. Mke wangu ni mwanachama wenu mpya, yule anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Naandika kwa heshima zote, ingawa damu inanichemka, kuwaomba mfute somo lenu la chakula chepesi cha safarini kabla ya Jumamosi, siku anayopanda nanyi mlima mkubwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Mimi nauza uzito. Kutwa nzima kazi yangu ni kuufanya mshale wa mizani usogee. Nyinyi mnamfundisha mke wangu, chini ya paa langu, kwamba uzito ni adui. Juzi alichukua kilo nzima ya nyama isiyo na mfupa, akaisaga, akaikaanga bila mafuta, akaianika juu ya bati mpaka ikabaki konzi moja ya kitu kama kokoto. Akaniletea buchani nimsifu. Mteja mmoja aliitazama ile konzi, akaitazama mizani yangu, akauliza nyama iliyobaki huwa naificha wapi. Tangu hapo natazamwa kama mwizi.

2. Jikoni kwangu pamepoa. Mke wangu anapikia kibarazani, kwenye kajiko ka gesi kanakotosha kiganjani, na masufuria yetu yote sasa kazi yake ni kukakinga na upepo. Chakula cha jioni ni kifuko: wali uliopikwa ukakaushwa, unga wa maharage, karoti zilizosinyaa, chumvi. Unamimina maji ya moto, unafunga, unakivika sweta, unasubiri. Sweta lenyewe ni langu. Mimi natetemeka, maharage yamevaa.

3. Hakuna aliyeniambia kwamba maji hutangulia. Siku ya kwanza nilirudi na njaa, nikakitafuna kifuko kikavu kwa hasira, kisha nikashushia jagi la maji. Wali uliendelea kuiva tumboni. Kifungo cha suruali kiliruka kikampata paka, na mpaka leo paka hapiti chumba nilichomo.

4. Nilimwita baba mkwe aje aamue, kwa kuwa ni mtu wa heshima zake na hali chakula kisicho na mfupa. Akapewa kifuko. Akakipakata ndani ya sweta langu kama mjukuu, uso umekunjamana. Nikajua leo ndiyo leo. Alipomaliza aliomba kingine, kisha akauliza mnakutana siku gani.

5. Kijiko changu. Mke wangu amekikata mpini kwa msumeno wangu wa mifupa ili kupunguza mzigo. Kijiko hicho alininunulia mwenyewe tulipooana. Hapo niliumia, Mwenyekiti. Nasikia mnafundisha kwamba kila kisichohitajika kiachwe nyumbani. Mimi ndiye kitu kizito kuliko vyote humu ndani, nimejipima. Ninaogopa.

Kwa hiyo chama kiamuru kwamba Jumamosi kipandishwe chakula cha maana: paja zima la ng'ombe, gogo la kukatia, shoka, mkaa, na sufuria yenye mfuniko. Mke wangu akiuona mzigo huo atabaki nyumbani nami. Mkisema hauwezekani, paja nitalibeba mimi mwenyewe mwone.

Nisalimie katibu, mweka hazina, na baba mkwe wangu, ambaye nasikia ameshaingia kwenye kamati.

Wako, mwenye uzito wake wote,
Muuza nyama wa mkabala.

Nyongeza: Baada ya kusaini nimelijaribu paja kwenye kilima cha nyuma ya machinjio. Nilifika kona ya kwanza, nikalikalia. Mbwa walipokuja sikuwa na nguvu za kubishana, nikawaachia. Njaa iliponibana nikafungua begi nililokuwa nimelinyakua mlangoni nitie shoka. Kumbe ni la mke wangu, la Jumamosi. Ndani mlikuwa na chupa ya maji ya moto, sweta langu, kifuko kimoja kikubwa, na vijiko viwili vya mpini mfupi, changu na chake, vimefungwa pamoja kwa mpira. Nimelia kidogo, pale kilimani. Ombi langu lichane, Mwenyekiti, uniandikishe. Ila usimwambie mke wangu kuhusu kifuko: nimekila chote, safari hii maji yakitangulia.