Boti Niliyoizamisha kwa Darubini ya Mtumba

Jamani, leo Kibirizi nzima imenijua. Kwa ubaya.

Nianze mwanzo, maana habari zilizofika hadi mtaa wa Gungu zimeshatiwa chumvi (kuna anayedai nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini tu).

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Klabu yetu ya nyota imepata darubini ya mtumba, aina ya bomba nene lenye vioo viwili: kikubwa kitakoni, kidogo cha mshazari karibu na mdomo. Ilikuja kwa treni kutoka Dar, na kwa mitikisiko ile vioo vikahama. Mkuu wa shule alichungulia wiki iliyopita, akaona ukungu mtupu.

"Mwalimu, Jumatatu nionyeshe kitu humo," akasema. "La sivyo ile stoo mliyopewa inarudi kuwa ya maharage."

Wanafunzi wangu walisikia. Sura zao zilinikosesha raha wiki nzima.

Basi leo Jumamosi, asubuhi, nikaipakia kwenye bodaboda (dereva aliuliza kama ni kombora) hadi kwa shangazi yangu, Kibirizi, anakoanika dagaa. Pale ziwa liko wazi mbele yako na jua la asubuhi liko mgongoni. Hakuna hatari ya kuunguza jicho.

Kazi yenyewe inataka subira. Unatoa lenzi, unachungulia kwenye tundu. Vioo vikikaa sawa unaona duara ndani ya duara, na katikati kabisa, jicho lako mwenyewe. Langu lilikuwa pembeni, limekatwa nusu. Nikazungusha skrubu ya kwanza kule nyuma. Likapotea. Nikazungusha ya pili. Likarudi, limekasirika.

"Unatafuta nini humo?" shangazi akauliza huku akigeuza dagaa.

"Jicho langu, shangazi."

"Kwenu hakuna kioo?"

Wanawake wenzake wakacheka hadi wakaacha kazi. Nikavumilia. Baada ya saa nzima, robo mzunguko wa skrubu ya tatu, na jicho likaja katikati. Tuli! Nikarudisha lenzi, nikaelekeza bomba kwenye kitone cheusi mbali ziwani, nikaisogeza lenzi taratibu mpaka picha ikatulia. Safi kabisa.

Ilikuwa boti. Tumbo lake limetazama juu. Watu vichwa chini. Mmoja kashika mwavuli mwekundu, nao uko chini yao wote.

(Kwamba darubini ya namna hii hupindua picha, najua. Nimewafundisha kidato cha nne. Kwa mchoro. Nikawapa na jaribio.)

"Boti imepinduka!" nikapiga kelele.

Neno hilo Kibirizi hakuna anayeuliza mara mbili. "Mana yanje! Mungu wangu!" shangazi akalia, akajifunga kanga kiunoni. Wavuvi walikuwa nchi kavu wanashona nyavu, kwa kuwa siku hizi mwezi ni mkubwa na dagaa hawafuati taa. Wakatupa sindano. Boti mbili za injini zikasukumwa majini kabla sijavuta pumzi ya pili. Mimi nikabaki kwenye darubini, natangaza kama redio.

"Bado wanaonekana! Mwenye mwavuli hajauachia!"

"Mungu amtie nguvu!" wanawake wakaitikia.

Kisha boti zetu mbili za uokoaji zikaingia kwenye picha. Nazo zimepinduka. Na zinakwenda kasi.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Boti ile ilikuwa inarudisha watu wa msiba kutoka Kagunga, nzima, kavu. Lakini waokoaji hawakusikiliza maelezo; walihamisha abiria watatu kwa nguvu. Wa kwanza kushushwa ufukweni alikuwa mwenye mwavuli. Koti la msibani, kiatu kimoja, na mvuvi mwenye misuli bado kamshika mkanda asizame. Kwenye mchanga mkavu.

Mkuu wa shule.

"Nani kasema tumezama?"

Ufukwe mzima ukaninyooshea kidole. Shangazi yangu wa damu akiwemo.

"Shikamoo, mkuu," nikasema.

Alitazama bomba, akatazama ziwa, akanitazama mimi. "Uliniona kutokea hapa?"

"Ndiyo, mkuu. Mwavuli, koti, hata gazeti kwapani."

Akajipapasa kwapani. Gazeti lilikuwepo. Akainama, akachungulia. Akakaa humo muda mrefu, mguu mmoja soksi.

"Namwona mtu kwenye boti ile ya mbali," hatimaye akasema, polepole. "Anapiga mswaki. Kichwa chini... lakini naona hadi povu." Akanyanyuka. "Maharage yatatafutiwa pengine, mwalimu. Stoo ni yenu."

Ningemkumbatia, kama asingekuwa mkuu wangu. Nikaanza kuwaomba radhi wavuvi mmoja mmoja. Foleni ya kuchungulia ilikuwa imeshajipanga, shangazi mbele. Yule mvuvi mwenye misuli akanipa mkono.

"Bora tufukuzane na boti nzima kuliko tuichelewee iliyozama," akasema. "Kesho jioni ulete hiki kitu, nasi tuuone mwezi. Ila mwalimu, ukiuona umepinduka, nyamaza."

Nimeahidi.