Malalamiko ya Kuhamishiwa Kibanda Kilicho Jirani na Choo

Kwa Bi. Lorna Pruett,
Mwenyekiti, Klabu ya Shabaha ya Teal Creek, Idaho.

Bi. Mwenyekiti,

Natumaini mguu wako umepona na unapanda tena ngazi za ofisi, maana barua hii nakuja kuibandika mlangoni. Mimi ni Merritt Stroud, mwalimu wa jiometri, yule ambaye kamati yako imemhamishia kibanda cha mwisho cha kufyatulia, jirani na choo, kwa kosa la kutoa moshi.

Nakiri moshi upo. Risasi zangu najaza baruti mwenyewe kwenye meza ya gereji, kama nusu ya wanachama, na nikimaliza kufyatua zote sita za rivolva hata mkono wangu siuoni. Sijivunii. Jumamosi iliyopita mwanachama mwenzetu Wendell kaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, leo unabanika nyama gani?" Nikacheka nao, nikarudi nyumbani nimenuna. Nimekosa, nisameheni. Hata hivyo nina malalamiko.

1. Baruti. Nimebadilisha kopo la baruti, nikabadilisha duka, nikabadilisha na mizani. Moshi ni uleule. Kwa hiyo baruti haina hatia, na mimi niliyeinunua sina hatia pia.

2. Uwanja mmeujenga kwenye korongo, upepo haupiti. Moshi wangu ukitoka unakaa palepale kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Naomba korongo lipanuliwe, hasa upande wa magharibi.

3. Kama kupanua korongo ni kazi kubwa, basi wanachama wote watoe moshi. Wanaotumia risasi za dukani wanajionyesha tu. Kila mtu asipoona, hakuna atakayelalamika kuwa haoni, na mashindano ya vuli yatakuwa ya haki kwa mara ya kwanza.

4. Hili ndilo linaloniuma. Baba mkwe wangu, mzee Orval Teague, tangu nimwoe Twyla alikuwa hajaniambia neno zaidi ya "Nipe chumvi." Hanichukii, ndivyo alivyo. Lakini uwanjani, kwa kuwa sioni shabaha, alikuwa anasimama kando yangu na darubini yake ananielekeza. "Kushoto, mkwe. Hiyo umeua nyasi." Tukisubiri moshi upungue ananisimulia habari za farasi aliowahi kuwafuga, na siku moja alinisimulia habari za marehemu mama mkwe. Sasa mimi niko chooni, yeye kabaki kibanda cha pili, maana hiki cha mwisho kinaingia mtu mmoja. Jumapili mezani tumerudi kwenye chumvi.

Nirudisheni. Mkikataa, basi kihamishwe choo, maana kinalalamikiwa kuliko mimi na hakijawahi kuitwa mbele ya kamati.

Wasalimie wanakamati wote, Wendell naye, na yule mbwa wa ofisini.

Wako anayejuta na kulalamika,
Merritt Stroud

N.B. Kabla ya kuileta nimepita kwa mzee Orval kumsomea. Akaomba aone risasi moja. Akaipitishia kidole, kidole kikang'aa. Vichwa vya risasi namimina mwenyewe, na lazima vipakwe grisi ili mtutu usichafuke. Wenzangu wanapaka utando mwembamba, wanaacha ukauke. Mimi nilikuwa napaka mara tatu na kujaza vikiwa bado vinanata, nikidhani naitunza rivolva. Inayoungua ni hiyo grisi. Nafuta malalamiko yote, korongo libaki lilivyo.

Nikamuuliza mzee amejua lini. Akasema tangu Jumamosi ya kwanza, kwa harufu tu.

"Sasa mbona hukuniambia, baba?"

Akaniangalia kidogo, kisha akaangalia dirishani. "Ungeona shabaha mwenyewe. Mimi ningekuelekeza nini?"

Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, kibanda cha mwisho nakikubali, na grisi nitaendelea kupaka kama kawaida. Naomba tu kipanuliwe kidogo, vitoshe viti viwili.