Daktari wa Majani ya Manjano

Zwelakhe Ntozini aliiona riziki yake ng'ambo ya ua wa jirani, asubuhi moja ya Aprili, akiwa amesimama nje ya chumba alichokuwa amekipanga juzi tu, mswaki mdomoni.

Riziki yenyewe ilikuwa ya rangi ya manjano. Kwenye bustani ya Mama Nontembiso, mkuu wa shule mstaafu, ilisimama mimea ya bangi iliyompita mwenyewe kwa urefu, juu imejaa maua manene yenye kunata. Lakini majani ya chini, yale mapana ya zamani, yalikuwa yamegeuka manjano na kuanza kudondoka. Mama Nontembiso alikuwa ameinama akiyaokota moja moja, kwa huzuni, kama mtu anayeokota meno yake mwenyewe.

Tangu mahakama iruhusu mtu kupanda bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake, mtaa ule wa Mthatha ulikuwa umeachana na kabichi. Walimu walipanda, manesi walipanda, mashemasi walipanda, na wote walisema ni dawa ya magoti. Kuuza kulikuwa bado ni kosa, kwa hiyo hakuna aliyetaja kuuza. Ila kila mwenye mimea mingi alikuwa na magoti mabovu kupita kiasi, na mpwa mwenye gari huko Durban.

Zwelakhe alikulia kwenye vilima vya Lusikisiki, kwa mjomba aliyelima bangi tangu enzi za kuilima kwa kujificha. Alijua kwamba mmea ukishatoa maua hunyonya chakula kutoka kwenye majani ya chini, yaliyozeeka na kukosa jua, ukakipeleka juu kwenye maua. Majani hayo hugeuka manjano, hudondoka, na maisha yanaendelea. Mjomba wake akiyaona alikuwa anafurahi na kuanza kunoa kisu. Lakini mtaa huu ulikuwa wa watu wa kabichi, na kwa mtu wa kabichi jani la manjano ni msiba.

Akatema povu, akasuuza mdomo, akaingia ndani kulitafuta koti lake jeupe. Alilinunua zamani, kipindi kifupi alichokuwa daktari wa macho kule Butterworth, kabla hajawa mchungaji. Mfukoni bado kulikuwa na kioo cha kukuzia. Alipotoka alikuwa ameshakuwa mtu mwingine, na hata mwendo wake ulikuwa umesoma.

"Mama, usiyaguse kwa mikono mitupu," alisema juu ya ua.

Mama Nontembiso aliinuka. "Kwa nini nisiyaguse?"

"Nenda kanawe kwanza, mama yangu. Tutaongea ukirudi."

Mwanamke yule alikuwa ameongoza shule miaka mingi bila kuamini hata homa ya mwanafunzi mmoja. Akaenda kunawa. Aliporudi alimkuta Zwelakhe amepiga magoti mbele ya mmea, kioo jichoni, akivuta pumzi taratibu kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa. Akamweleza kwamba ugonjwa ule unaitwa manjano ya kupanda. Huanzia chini, ukapanda juu, na ukifika juu huruka ua. Akamwuliza kama majirani nao wana mimea. Mama Nontembiso, ambaye alijua idadi ya mimea ya kila jirani kuliko jirani mwenyewe, akaketi chini.

Mwizi wa kawaida angeruka ua akang'oa. Zwelakhe aliidharau kazi hiyo. Yeye alipenda mwenye mali mwenyewe afungue geti, ashike upande wa pili wa mzigo, na alipie usafiri. Kwa hiyo tiba aliyoitangaza siku ile, mbele ya mtaa mzima uliokusanyika sebuleni kwa Mama Nontembiso, ilikuwa hii: dawa hakuna. Mimea yote yenye majani ya manjano ikatwe, ifungwe, ipelekwe Durban kwenye tanuru maalumu la serikali, na kila mwenye mimea achangie ada ya kuichoma. Anayebisha abaki na mimea yake, ila siku udongo wa bustani ukiharibika asimwite.

Watu walinung'unika. Mmoja aliuliza mbona maua ya juu ni mazuri tu. Zwelakhe akamjibu kwa upole kwamba hata mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kuwa na nywele nzuri. Mwingine alitaka kumpigia simu mtu wa kilimo. Mambo yalianza kulegea, na pengine yangeharibika kabisa, kama si Mzimasi Gqirana.

Gqirana ndiye aliyekuwa na nyumba ya kuhifadhi maiti pale mtaani, pamoja na magari mawili ya mazishi na chumba kilichojaa majeneza. Watu walimwita Bhele, kwa jina la ukoo wake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, sauti ya kazini, na nyuma ya nyumba yake ya maiti kulikuwa na bangi nzuri kuliko zote mtaani. Wabaya wake walisema ni mbolea. Siku ile alisimama taratibu, akavua kofia.

"Na yangu, daktari?"

"Niliiona nilipopita, Bhele. Pole sana."

"Hakuna hata mmoja wa kupona?"

"Nikikwambia upo, nitakuwa nakudanganya."

Gqirana alitoa leso, ile ile anayoitumia makaburini, akafuta macho. Kisha akawageukia majirani na kuwaambia kwamba yeye ameona watu wengi waliochelewa kwenda hospitali, na wote amewavalisha suti mwenyewe. Hakuna aliyenung'unika tena. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umekata, watu wakibeba mimea yao mabegani kwa sura za kufiwa, na ada mkononi.

Tatizo la Zwelakhe likawa ni mahali pa kuweka shehena ile yote, na namna ya kuifikisha Durban, ambako palikuwa na mnunuzi aliyekwisha kumsikia kwenye simu na kupandwa na tamaa. Nalo Gqirana alilitatua kabla hajaulizwa. Alisema chumba chake cha baridi kina nafasi, na hakuna askari anayependa kufungua mlango ule. Halafu, akiwa bado anafuta macho, akauliza kwa unyonge kama daktari amewafikiria polisi wa barabarani kule Mount Frere. Tanuru la serikali ni sawa, lakini askari akiona gari limejaa bangi ataanza kupiga kwanza na kusoma vitambulisho baadaye.

Zwelakhe hakuwa na kitambulisho cha kusomwa.

"Unashauri nini, Bhele?"

"Mimi najua kusafirisha kitu kimoja tu, daktari," alisema Gqirana. "Lakini nikikisafirisha, askari huvua kofia."

Zwelakhe alijizuia asimkumbatie. Kumpata mjinga ni bahati. Kumpata mjinga mwenye gari la maiti ni neema. Gharama za jeneza na gari hazikuwa ndogo, na Gqirana aliomba msamaha mara nyingi alipozitaja. Zwelakhe akamkabidhi ada zote za mtaa bila kubishana, maana zilikuwa senti mbele ya kile kilichomsubiri Durban.

Mchana ule ule walipakia. Zwelakhe mwenyewe aliyakata maua ya bangi, akayapanga ndani ya jeneza la rangi ya kahawia lenye vishikio vya fedha, akayashindilia kwa magoti, akakaza skrubu za kifuniko kwa mkono wake. Gqirana akamshika bega, akampeleka ofisini kunywa chai na maandazi. Walikaa huko muda mrefu wakiongea juu ya ubatili wa mali.

Jumamosi alfajiri gari lilikuwa tayari, jeneza la kahawia limelala nyuma chini ya shada la maua. Usukani alishika Thozamile, dereva wa siku nyingi wa Gqirana, mtu asiyependa maneno. Gqirana alimwazima Zwelakhe suti nyeusi na tai, ili aonekane mfiwa, akamwombea safari njema.

Kule Mount Frere askari waliona gari, wakaona jeneza, wakavua kofia. Zwelakhe aliinamisha kichwa kwa majonzi, akijikaza asicheke. Walipopita alimwambia Thozamile kwamba bosi wake ni mtu mwema sana. Thozamile alisema ndiyo, watu wengi husema hivyo.

Mbele kidogo gari likaacha lami, likashika njia ya vumbi ya kwenda upande wa Ntabankulu.

"Durban haiko huku," alisema Zwelakhe.

"Tunapita mahali kwanza."

Zwelakhe alidhani ni petroli. Alidhani hivyo mpaka walipoingia kwenye boma lenye hema kubwa jeupe, masufuria juu ya moto, na umati uliosimama na kuanza kuimba mara tu ulipoliona gari. Wanaume sita wakafungua mlango wa nyuma, wakalibeba jeneza. Zwelakhe alishika kitasa, akamgeukia dereva.

"Thozamile. Jeneza ni moja."

"Ndiyo. Mzee wa boma hili, Tata Mxoleli. Alifariki wiki iliyopita."

Zwelakhe alishuka na kulifuata jeneza mpaka ndani ya hema, akijipenyeza kati ya mashangazi. Bado alikuwa na matumaini. Walipofungua kifuniko ili ndugu waage, yeye aliinama kuliko wote. Ndani alilala mzee mwenye masharubu, amenuna, kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

Akatoka nje, akajificha nyuma ya zizi la ng'ombe, akapiga simu. Gqirana alipokea kwa sauti ile ile ya kazini.

"Mzigo wangu uko wapi, Bhele?"

"Nimeuchoma, daktari. Ulisema ni wa kuchomwa, nami ningeogopa kuuhifadhi. Ugonjwa unaruka ua."

"Usinifanyie mchezo."

"Mama yangu alinisomesha kwa bangi, kule Flagstaff," alisema Gqirana. "Kila Aprili ilikuwa manjano chini, na kila Aprili tulichinja kuku. Niliposikia unaiita ugonjwa nilivua kofia. Nilidhani nimeshaona matapeli wote."

Zwelakhe alimkumbusha kuhusu ada. Gqirana akamweleza kwamba safari ya kwenda Ntabankulu ilikuwa imeshalipiwa na familia ya marehemu, na sasa imelipiwa tena na daktari mwenyewe, jambo ambalo katika biashara ya mazishi hutokea mara chache, na anamshukuru. Akamshauri asirudi Mthatha kwa sasa. Majirani walikuwa wameshaambiwa kwamba daktari ametoroka na mimea yao. Mama Nontembiso alikuwa amevunja dirisha la chumba cha daktari kwa mwiko, na Gqirana mwenyewe alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta. Kama anataka kwenda polisi, aliongeza, aende tu, ila ajiandae kueleza kilichokuwa ndani ya jeneza.

Simu ikakatika. Zwelakhe alirudi kwenye hema kwa sababu hakuwa na kwingine pa kwenda. Kwa ile suti walimkalisha mbele, karibu na wachungaji. Wasemaji walikuwa wachache na walisema kifupi, maana marehemu, ukweli usemwe, hakuwa mtu wa kupendwa. Hata waimbaji walionekana kuwa na shughuli nyingine. Makaburini wanaume walipokezana koleo, na zamu ikamfikia Zwelakhe. Alitupa udongo mara ya kwanza akasikia unavyogonga mbao. Alitupa mara ya pili akaliona lile jeneza jingine, lile alilolishindilia kwa magoti yake, likifunguliwa na Gqirana kwa starehe zake. Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, akakataa kutoa koleo, mpaka wazee wawili wakamshika kwapani na kumkalisha juu ya kichuguu.

Waombolezaji waligeuka kumtazama. Hakuna mtu, hata mtoto wa kumzaa, aliyekuwa amemlilia Tata Mxoleli namna ile.

Walipokuwa wanakula, Thozamile aliwasha gari na kuondoka bila kuaga. Zwelakhe alilitazama vumbi lake, sahani ya makande na nyama imepoa mapajani. Mjane, Mama Nowethu, bibi mfupi aliyejifunika blanketi jeusi, alikuja akaketi pembeni yake.

"Mwanangu," alisema, "umenishangaza. Mume wangu ulimjuaje?"

Zwelakhe alitafuta uongo. Mdomo mzima haukuwa na hata mmoja.

"Sikumjua, mama. Nilidhani ndani yumo mwingine."

Bibi alitikisa kichwa polepole, akamwongezea nyama.

"Hata mimi," alisema. "Miaka yote ile."