Beberu wa Baba Mkwe

Ijumaa, 30 Mei
Alhamdulillahi! Baba mkwe, Mzee Abdulhakim wa Timbwani, amekubali mbuzi wake wa kuchinja Idi atoke bandani kwangu hapa Junda. Miaka sita ananiita "huyo mume wa Shaza". Sasa ataniita mfugaji. Beberu wangu ni mweusi, mnene, mzuri kuliko baadhi ya wajomba zangu. Taabu moja tu: jirani Ngumbao naye ana beberu mweusi, na wote wawili wanakula majani kiwanja kimoja.

Jumapili, 1 Juni
Jioni Ngumbao kamswaga beberu wangu kwenda kwake, eti ndiye wake. Tumebishana mpaka Shaza akatoka na maganda ya muhogo, akaita, na mnyama akamfuata jikoni. Ushindi! Shaza kasema tumfunge kamba nyekundu shingoni. Kamba! Kamba si hufunguliwa? Mimi nina akili zaidi.

Jumanne, 3 Juni
Nimemkata sikio la kushoto kwa wembe mpya. Nilitaka ncha tu. Beberu akaruka, likaenda nusu. Goti langu limevimba kwa teke. Nimempaka dawa, mimi sikupakwa na mtu. Ngumbao kachungulia uani, kampa pole mbuzi. Wivu tu!

Alhamisi, 5 Juni
Baba mkwe amefika. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba huku akikagua meno, macho, miguu. Alipofika sikioni akalishika, akaligeuza. Kisha akauliza nani kafanya hivi. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi.
Akanieleza polepole kuwa mnyama wa Idi hatakiwi na kasoro: asiwe kilema, asiwe chongo, asiwe amekatwa sikio wala kuvunjwa pembe. Wallahi nilijua! Chuoni kwa maalimu tulifundishwa! Aibu niliyoona, nilitamani niingie bandani nifunge mlango.
Kaondoka na beberu wa Ngumbao. Na mbele yangu akamwita Ngumbao mfugaji.

Jumamosi, 7 Juni
Pilau imeletwa kutoka Timbwani. Nyama laini, lazima nikiri. Nimemwita Ngumbao, tumekula pamoja barazani. Beberu wangu kalala mlangoni, Shaza anamkuna shingo. Nimefurahi, hata sijui kwa nini.
Ya mwakani nimeshapanga. Sikio siligusi ng'o! Nitamkata pembe moja, hiyo hata kipofu ataitambua. Nimemwomba Ngumbao msumeno. Kanipa kwa moyo mkunjufu, tena kaunoa kwanza.