Ombi la Kumtoa Wifi Yangu Katika Kitabu cha Wadudu wa Samaki

Wambaa, Pemba
9 Machi 1960

Kwa Muhtaram Bwana Mkubwa wa Mambo ya Samaki, Unguja.

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Mwatima binti Jecha, mkaanga samaki wa hapa Wambaa. Naleta malalamiko juu ya mtaalamu wako aliyekuja kuchunguza wadudu wa samaki ili awaandikie kitabu.

1. Bwana huyo alifika jikoni kwangu akaomba kumfungua mdomo kolekole niliyekwisha mtia chumvi. Ndani akamkuta mdudu mweupe amekaa pahala pa ulimi. Akatueleza kuwa ni jamaa ya kamba na kaa, humla samaki ulimi, kisha hukaa palepale akawa ndiye ulimi. Akauliza, "Nyinyi hapa mnamwitaje?" Sisi hatumwiti, tunamtoa tukamtupa. Lakini wifi yangu Khairiya alikuwa amekuja kututembelea siku mbili, na huo ulikuwa mwezi wake wa tatu kwangu. Kaka yake, Abrahman mume wangu, akiulizwa neno, anayejibu ni Khairiya. Basi nikasema, "Wifi." Mtaalamu hakucheka. Aliandika.

2. Khairiya alikuwa mlangoni. Akafunga mzigo wake akaenda kijiji cha Ole kwa shangazi yake. Tangu siku hiyo Abrahman hasemi nami.

3. Wanawake wa Wambaa wakipasua samaki sasa huitana, "Njooni, nimemkuta wifi!" Mawifi wote wa kijiji wamegoma kuhudhuria harusi ya jirani yetu Mwanakhamis. Harusi bila mawifi, Bwana Mkubwa, nani atakitia dosari chakula?

4. Kitabu kikichapishwa, watoto watasomeshwa skuli kwamba wifi ana miguu kumi na minne. Khairiya ana miwili tu; shangazi yake yuko tayari kuapa mbele ya kadhi.

Kwa hiyo naomba neno hilo lifutwe, na Serikali impe Khairiya hati yenye muhuri kuthibitisha kwamba si mdudu. Ikiwa lazima mdudu apate jina la mtu wa Wambaa, nipeni mimi. Ulimi ulioponza ni wangu, na nyumba imekuwa kimya hata chakula hakipiti.

Nisalimie mtaalamu, makarani wote, na mama watoto.

Mtiifu wako,
Mwatima binti Jecha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Khairiya amerudi na kikapu cha muhogo. Nikamsomea barua nikidhani atafurahi. Akang'aka, "Unifute? Ole nzima nimeshawaambia nimo katika kitabu cha Serikali!" Basi usifute kitu, Bwana Mkubwa. Anaomba tu liandikwe jina lake kamili, Khairiya binti Hija, na nakala aletewe hapa kwangu, ambako anasema hatoki tena.